Fosforasi inapanda mvua zikianza: kosa ni la bakteria au la maji?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa Tanga, ila huu ni mwaka wa tatu niko Afrika Kusini, Rasi ya Magharibi, fundi wa zamu kwenye mtambo wa majitaka wa mji mdogo kando ya bahari. Mtambo wetu huondoa fosforasi kwa kutumia bakteria. Wakati wa kiangazi fosfeti inayotoka huwa mg 0.6 kwa lita, na tunatakiwa tusivuke 1. Mvua za Juni zikishaanza inapanda hadi 3, wiki nyingine 4. Mwaka huu tukaamriwa kutia shabu, ile chumvi ya aluminiamu inayoshika fosfeti, mg 60 kwa lita. Wiki ya pili tu pH ya tangi la hewa ikashuka hadi 6.2, na sasa hata amonia inapita. Vipimo vyangu ni hivi: ualkali wa majitaka yanayoingia ni 210 (kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti), nitrojeni inayogeuka nitreti ni kama 38, na nitreti inayotoka ni 16, yote kwa mg kwa lita. Tope tunalolirudisha ni sawa na majitaka yanayoingia, moja kwa moja. Wenzangu wanasema bakteria wamekufa, tuazime tope jipya mtambo wa jirani. Ni kweli wamekufa? Nitajuaje?
*Fundi wa zamu ya usiku*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi mno kuona umeandika namba. Barua nyingi za namna hii huniambia "mtambo unasumbua" zikaishia hapo. Wewe umenipa ualkali, nitrojeni na nitreti, na kwa hizo tatu naweza kukujibu nikiwa hapa hapa mezani kwangu Moshi. Bakteria wako hawajafa. Wana njaa, na maji wanayoishi ndani yake yanachachuka. Tope la jirani liache kwanza, maana ukilimwaga kwenye maji hayo hayo, baada ya wiki chache litakuwa kama la kwako.

Tuanze na maji yenyewe. Maji ya Rasi hutoka milimani, kwenye mawe ya mchanga ambayo mvua hupita juu yake bila kuokota chochote. Ni maji laini sana. Utakuwa umeona jinsi sabuni inavyotoa povu upesi huko, na birika linavyokaa safi ndani. Kwenu Tanga, kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa chokaa kama ule wa mapango ya Amboni huacha magamba meupe ndani ya birika kwa muda mfupi tu. Magamba yale mama zetu huyachukia, lakini kwa mtu wa majitaka ni dalili ya kitu cha thamani: maji yana ualkali.

Ualkali si pH, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Chukua bilauri mbili, moja ya maji ya mvua, nyingine ya maji uliyokoroga magadi kidogo, yale ya kulainishia maharage. Kamulia ndimu zote mbili. Ya kwanza inakuwa chachu kwa matone machache. Ya pili inafanya povu, inapambana, na utamaliza ndimu nzima kabla hujaonja uchachu. Uwezo huo wa kupambana ndio ualkali. pH inakuambia maji ni machachu kiasi gani saa hii, na ikishuka uchachu umezidi. Ualkali unakuambia yatastahimili nini kesho.

Sasa hesabu. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitreti hutoa asidi: kila mg 1 ya nitrojeni wanayoigeuza hula mg 7.14 za ualkali. Wewe wanageuza 38, kwa hiyo wanakula 271. Nitreti inapogeuzwa kuwa gesi ya nitrojeni, nusu ya deni hilo hurudishwa, 3.57 kwa kila mg. Kati ya 38 zako, 16 zinatoka zikiwa nitreti, maana yake zilizogeuka gesi ni 22, nazo zimekurudishia kama 78. Matumizi halisi ni 193. Uliingia na 210. Umebakiwa na 17. Mimi sipendi kuona pungufu ya 50 mwishoni mwa tangi la hewa, kwa sababu chini ya hapo pH haina tena kitu cha kuishikilia.

Juu ya 17 hizo ndipo ikaja shabu. Shabu nayo ni asidi, kila mg 1 hula kama nusu mg ya ualkali. Mg 60 zinataka 30, na akiba yako ni 17. Ndiyo sababu pH ikaanguka, na wageuzaji wa amonia, ambao hawavumilii uchachu, wakalegea. Amonia unayoiona inapita ni malalamiko yao.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni njaa, na hii ndiyo inayopandisha fosforasi hata kabla ya shabu kuletwa.

Bakteria wetu wa fosforasi, ambao wataalamu huwaita Accumulibacter, huishi kwa kuhama vyumba viwili. Katika tangi lisilo na hewa hula asidi fupi, hasa asetiki, ile ile iliyomo kwenye siki. Hawana oksijeni ya kuunguza chakula hicho, kwa hiyo hukiweka akiba mwilini, na nguvu ya kufanya kazi hiyo huipata kwa kuvunja minyororo ya fosfeti waliyoihifadhi. Fosfeti hutoka nje. Ukipima hapo utaona imepanda mara nyingi kuliko ilivyoingia, na fundi mgeni hushtuka. Wakifika kwenye tangi la hewa huunguza ile akiba, na huimeza fosfeti yote waliyoitoa pamoja na ile iliyokuja na majitaka. Tope linalotolewa kila siku ndilo linaloondoka na fosforasi.

Natamani vijana wetu wajue kwamba utaratibu huu ulipata sura yake barani kwetu. James Barnard, mhandisi wa Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akijaribu kuondoa nitrojeni kwenye mtambo wa majaribio wa Daspoort, Pretoria, akaona fosforasi nayo inatoweka pale tope lilipopita mahali pasipo na oksijeni wala nitreti. Shika hayo mawili ya mwisho, wala nitreti. Jibu la barua yako limo humo.

Tope lako linarudi likiwa na nitreti 16. Likiingia kwenye tangi lisilo na hewa, tangi hilo si tupu tena, limeletewa kitu cha kupumulia. Bakteria wa kawaida watapumua nitreti na kula zile asidi kabla wenye fosforasi hawajafika mezani. Kwa hesabu iliyozoeleka huko uliko, kila mg 1 ya nitrojeni ya nitreti humaliza kama mg 8.6 za chakula rahisi, kikipimwa kwa COD, yaani oksijeni inayohitajika kukiunguza. Zidisha kwa 16: ni kama mg 138 katika kila lita ya majitaka inayoingia. Kiangazi mabomba yenu yana joto, majitaka hukaa njiani yakichacha, na asidi huwa nyingi kiasi cha kuwatosha wote wawili. Juni maji ya mvua hupenya kwenye mabomba, yanaongeza wingi, yanapoza, yanaleta oksijeni. Asidi inapungua, nitreti iko pale pale, na anayekosa ni mwenye fosforasi.

Kuhusu kufa, lipo jaribio ambalo unaweza kulifanya usiku huu huu. Chota lita tatu au nne za tope linalorudishwa, weka kwenye ndoo, funika, likoroge polepole bila kuchapa hewa, subiri hadi nitreti iishe. Kisha tia asetati ya sodiamu, chumvi ya ile asidi ya siki. Kama maabara hamna, siki nyeupe iliyotulizwa kwa soda ya kuokea mpaka iache kutoa povu itafaa. Kila baada ya dakika 15 chota kidogo, chuja, pima fosfeti, kwa muda wa saa moja na nusu. Ikipanda haraka, bakteria wapo na walikuwa wakingoja chakula.

Ila usitegemee mpando mkubwa kwenye pH ya chini. Watafiti wa Delft, Uholanzi, walionyesha mwaka 1994 kwamba fosfeti inayotolewa kwa kila moli ya kaboni ya asetati ni kama moli 0.25 maji yakiwa na pH 5.5, na hufika 0.75 kwenye pH 8.5. Kuivusha asidi kwenye utando wa seli ni rahisi maji yakiwa machachu, na ni ghali yakiwa na alkali. Kwa hiyo bakteria wale wale, wakiwa na afya ile ile, watatoa kidogo kwenye maji yako. Hatari ya uchachu iko kwingine: pH ya tangi lisilo na hewa ikiwa chini ya 7.25 hivi, bakteria wanaoweka akiba ya glaikojeni (aina ya wanga), ambao hula asidi zile zile bila kubeba fosforasi yoyote, hupata nafasi ya kuwatangulia.

Na hapo kwenye kuchuja, nakuomba usikilize kwa makini, maana mimi mwenyewe nilikosea hapa na mtambo mzima ukaumia. Miaka ile nilikuwa maabara ya mtambo mmoja huko Gauteng. Sampuli za tangi la hewa zilichukuliwa saa kumi na mbili asubuhi, zikanifikia saa nne, chupa zimejaa hadi shingoni, tope limetuama chini kama sentimita tatu. Nilichuja, nikatia kemikali inayogeuka bluu ikikutana na fosfeti, nikasoma: 9. Siku iliyofuata 8, halafu 10. Niliandika ripoti, shabu ikaongezwa maradufu, ikaendelea kuongezwa kwa wiki tano. Siku moja gari liliharibika, nikaenda mwenyewe kwa miguu hadi kwenye tangi, nikiwa na bomba la sindano na kichujio. Nilichuja pale pale ukingoni. Baadaye nikaziweka tyubu mbili kwenye kishikilio kando ya dirisha: ya ukingoni ilikuwa na bluu hafifu, ungesema maji matupu yaliyopitiwa na kivuli, ya chupa, iliyochotwa dakika ile ile, ilikuwa bluu ya kaniki. Moja 0.8, nyingine 9. Tope lililofungiwa ndani ya chupa lilikuwa limemaliza oksijeni, likaanza kutema fosfeti njiani. Namba zangu zote za wiki tano zilipima safari ya gari.

Wakati huo shabu ilikuwa imeshikilia fosfeti ambayo bakteria walitakiwa kuihifadhi. Bakteria asiye na fosfeti ya kuweka akiba hana nguvu ya kula kwenye tangi lisilo na hewa, na wenzake humpita. Tulipoiacha ilichukua zaidi ya miezi miwili mtambo kurudi hali yake. Bado inaniuma. Ndiyo maana nasema chuja ukingoni, ndani ya dakika moja, kila mara.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau kwenye maji laini: fosfeti haiingii mwilini mwa bakteria peke yake. Ina chaji hasi, na lazima isindikizwe. Kwa wastani kila atomu tatu za fosforasi husafiri na moja ya magnesi na moja ya potasiamu. Kwa vipimo vya mezani, mg 10 za fosforasi hutaka kama mg 2.6 za magnesi na kama 4 za potasiamu. Mkojo na chakula huleta vyote viwili, kwa hiyo majitaka ya mji kwa kawaida hayapungukiwi hata pale ambapo maji ya bomba ni laini. Lakini kwa mvua zenu sitabahatisha. Peleka maabara sampuli mbili zilizochujwa, moja ya mwisho wa tangi lisilo na hewa, moja ya mwisho wa tangi la hewa, wapime fosforasi, magnesi na potasiamu. Vikipanda pamoja na kushuka pamoja, kazi ni ya bakteria. Fosforasi ikishuka peke yake huku potasiamu haijatikisika, inayofanya kazi ni shabu. Na magnesi ikikaribia sifuri mwishoni, umeipata sababu nyingine ya kushughulikia.

La kufanya sasa. Acha shabu, angalau kwa wiki hizi ambazo amonia inapita. Bila shabu utahitaji kama mg 33 za ualkali kwa lita kufikia 50, nazo ni mg 35 za soda ash (kaboneti ya sodiamu). Ukilazimishwa kuendelea na shabu zile 60, soda ash ni kama 67, yaani mtalipia kemikali moja kufuta madhara ya nyingine. Chokaa ni rahisi zaidi kwa bei ila hupandisha pH kwa kishindo isipotiwa kwa utaratibu. Kama magnesi itaonekana pungufu, hidroksidi ya magnesi hutoa ualkali na magnesi kwa pamoja.

Dawa yenyewe lakini ni nitreti. Punguza hewa saa za usiku, hiyo zamu ni yako, majitaka ni machache na vipulizi vinaunguza umeme bure. Shusha nitreti inayotoka kutoka 16 hadi 6 tuone: nitrojeni 10 zaidi imegeuka gesi, umerudishiwa ualkali 36, na akiba yako inatoka 17 inakuwa 53 bila mfuko hata mmoja wa soda. Wakati huo huo chakula kinachoibwa kwenye tangi lisilo na hewa kinashuka kutoka 138 hadi 52. Sijui hatua nyingine kwenye mtambo inayolipa mara mbili hivi. Na waulize wahandisi wenu kama mabomba yanaruhusu tope lirudishwe kwanza kwenye tangi lenye nitreti lisilopulizwa hewa, ndipo kutoka hapo lipelekwe kwenye tangi la kwanza, lile lisilo na hewa wala nitreti. Mpangilio huo unaitwa UCT, kwa jina la Chuo Kikuu cha Cape Town. Ulibuniwa kwa shida hii hii, na chuo chenyewe kiko mkoani mwenu.

Niandikie namba za magnesi zikitoka.

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Nasoma uhandisi wa mazingira, nyumbani ni Mwanza. Je, mabwawa yetu ya majitaka yanaweza kuondoa fosforasi kwa bakteria hawa, ili tupunguze gugu maji ziwani?
*Mwanafunzi, Mwanza*

JIBU: Nzuri, mwanangu. Kwa bakteria hawa, hapana. Wanahitaji kuhamishwa kila saa chache kutoka pasipo na hewa kwenda penye hewa, na tope kurudishwa kwa pampu bila kukatika. Bwawa halina mzunguko huo. Kinachotokea bwawani ni kingine: mwani ukila kaboni dioksidi mchana, pH inaweza kuvuka 9, na fosfeti hushikana na kalsiamu ikazama. Usiku pH inashuka. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, kalsiamu ni kidogo, kwa hiyo msitegemee mengi kwa njia hiyo. Pia ujue kwamba sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa zima huja na vumbi na mvua kutoka angani na udongo wa mashamba unaosombwa na mito. Majitaka ya mji yanaumiza zaidi ghuba zilizo karibu na mji. Ukitafuta mada ya utafiti, pima ualkali na kalsiamu ya bwawa lenu saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, siku hiyo hiyo.

SWALI: Mama, mimi ni Mkongomani, ninaishi Oregon, Marekani, natengeneza pampu za mtambo wa majitaka. Mabomba ya tope yanajaa mawe meupe magumu, tunayagonga kwa nyundo. Ni chokaa?
*Fundi pampu, Oregon*

JIBU: Huenda ni struvaiti, ndugu yangu: magnesi, amonia na fosfeti, moja kwa moja kwa moja. Bakteria walioshiba fosfeti wakiozeshwa kwenye tangi la tope huitema pamoja na magnesi, na amonia iko tele humo. Mahali maji yanapokorogeka kwa nguvu na kutoa kaboni dioksidi, kwenye kona za bomba na ndani ya pampu, pH hupanda na mawe huota. Huko huko kwenu, mtambo wa Durham ulioko Tigard tangu 2009 huyaotesha mawe hayo makusudi ndani ya chombo maalumu na kuyauza kama mbolea. Chukua kipande kimoja, kisage kidogo, kitie kwenye siki kali. Kikitoa povu ni chokaa. Kikiyeyuka polepole, kimya, ni struvaiti.